Ndoo Moja

Hilo pipa lirudishe kwa mwenyewe, Siwazuri.
Nilisema ndoo. Ile ya lita kumi,
yenye mkono wa waya.

Mabibo usiangue.
Bibo la kuangua lina ubishi,
linakaba koo kama neno la wifi.
Okota lililodondoka lenyewe usiku huu,
jekundu, la njano, vyovyote,
mradi siafu hawajalitangulia.
Korosho inyonyoe hapo hapo, tia kikapuni.
Hiyo ina gunia, ina mizani, ina stakabadhi,
ina bei inayosomwa mnadani
na watu wasioijua miguu yetu.
Bibo halina mnunuzi.
Ndiyo maana nalipenda.

Sukari ya nini? Hamira ya nini?
Na maji usiyaguse kabisa.
Hapa Kitangari dumu la maji linaheshimiwa kuliko shemeji,
nani akalimwage
ndani ya kitu kilichojaa maji yake?
Bibo, kinu, mikono.
Na usiku mmoja, ambao haupimwi dukani.

Twanga taratibu. Taratibu, nimesema,
usitwange kama unayemkumbuka mtu.
Kamulia kwenye hiyo kanga kuukuu.
Maneno yake yamefutika, limebaki "usi..."
sijui ilikuwa inanikataza nini.

Makapi usitupe.
Konzi mbili kwa kuku, zisizidi;
mwaka jana jogoo aliwika saa sita za usiku
na jirani akaamka kwenda shamba.
Yaliyobaki anika juu ya bati.
Yakikauka ni kochoko,
utayatafuna mwezi wa pili, ghala likiwa na mwangwi.

Sasa funika, ulale.
Ukiamka usiku tega sikio:
ndani ya ndoo kuna kitu kinanong'ona,
chwi, chwi,
kama mvua ya mbali inayofikiria kuja.
Usifunue. Hata mimi huwa natamani.

Asubuhi tunahesabu.
Mchopa katusaidia kuokota: vikombe viwili.
Bi Likowa, mguu unamsumbua: kimoja, anywe amekaa.
Vijana wa palizi, wanne, wagawane kata tatu.
Mimi changu.
Wewe nusu, na usininunie.
Kabla kuku hawajapanda kulala
ndoo inaonyesha kitako chake cheupe,
na hakuna wa kuuliza, "Imebaki?"

Unauliza pipa lina ubaya gani.

Baba yako alikuwa na pipa.
Alijua kutengeneza kuliko mimi, mkono wake ulikuwa mwepesi,
walimfuata kutoka Mahuta, kutoka Mkunya.
Siku ya kwanza uraka mtamu, hata mjamzito anaonja.
Siku ya pili unachekesha.
Siku ya tatu umekasirika, hanunui mtu,
na Akwinombe hakuwa mtu wa kumwaga.
"Dada, jasho langu hili," aliniambia,
akainamisha pipa, akajaza kata.
Siku ya tatu ilimkuta kila wiki.
Halafu ikamkuta kila siku.
Sisi tunakunywa uraka, mwanangu.
Masalio ndiyo yanayomnywa mtu.

Ulikuwa na miaka minne.
Ulimpelekea kata kwa mikono miwili,
ulimi nje, macho kwenye ukingo,
uani hadi barazani,
bila kudondosha hata tone.
Alikusifu mno.
Mimi nilisimama mlangoni na ungo mkononi,
na mimi nikakusifu.

Basi.
Suuza ndoo kwa kikombe kimoja cha maji,
hayo maji mpe mpapai.
Igeuze mdomo chini.

Na hilo pipa,
ngoja, usilirudishe.
Lisugue kwa majivu, mara mbili, mara tatu,
mpaka lisahau lilichobeba.
Liweke pale, chini ya mchirizi wa bati.
Desemba hii hapa.
Mvua ikija na ilijaze, imwagike hadi uani.
Maji yakibaki
hatutamlazimisha mtu ayamalize.